Nyama ya moshi nyumbani: Anza na mapaja ya kuku na kuni za mpera

Jiko la zamani la Kichaga halikuwa na friji. Lilikuwa na dari juu ya mafiga, na moshi uliopanda kutoka kwenye kuni ulikausha mahindi ya mbegu na nyama iliyobaki baada ya kuchinja. Leo friji ipo, lakini ladha ile bado inatamaniwa, na jiko la mkaa lenye mfuniko au pipa lililokatwa la kuchomea nyama linatosha kuanzia.

Jaribio la kwanza likiharibika, mara nyingi tatizo ni nyama na kuni zilizochaguliwa vibaya. Hasara yake haiishii mfukoni, kwani watakaokula ni watoto.

Nyama gani?

Usianze na mguu mzima wa mbuzi, hata kama sikukuu imekaribia. Nyama kubwa huchukua saa nyingi, na asiye mzoefu huitoa ikiwa nyeusi nje, mbichi ndani. Mnofu wa ng'ombe usio na mafuta nao hukauka ukawashinda watoto kutafuna.

Anza na kilo 1 ya mapaja ya kuku wa kisasa. Yana mafuta ya kutosha, hayakauki haraka hata moto ukikuzidi kidogo, na kwa kawaida huiva kwa saa moja na nusu hadi mbili. Paka vijiko viwili vya chai vya chumvi, weka kwenye friji usiku kucha, kisha yafute yakauke kabla ya kuyaweka jikoni. Kuku wa kienyeji mwache kwa mchuzi. Mpenda samaki atumie perege wa Bwawa la Nyumba ya Mungu, ambaye huiva mapema zaidi.

Kwa walaji wa kitimoto, bega lenye mafuta linafaa, ila nunua nyama yenye muhuri wa mkaguzi. Ukiona vipunje vyeupe mfano wa mchele ndani ya mnofu, usinunue. Ni vifuko vya tegu. Moshi hauui tegu. Joto la kuiva kabisa ndilo linaloua.

Kuni zipi?

Huna haja ya kupanda msituni, ambako ni Hifadhi ya Taifa tangu 2005. Kuni nzuri ziko kihambani: mpera, mparachichi, na mwembe kwa walio tambarare. Mibuni iliyopogolewa pia inafaa, lakini uliza kwanza. Kama ilipigwa dawa ya chulebuni au kutu ya majani, iache.

Epuka msindano na mkaratusi. Utomvu na mafuta yake huifanya nyama iwe chungu. Usitumie kabisa mbao zenye rangi, nguzo zilizotiwa dawa, wala miti ya uzio yenye utomvu wa sumu kama mnyaa.

Kuni ziwe kavu. Ukizigonganisha zilie kwa sauti kali, na ncha zake ziwe na nyufa. Wakati wa masika zihifadhi ndani ya banda, kwa sababu kuni mbichi hutoa moshi mzito mweupe unaoacha uchungu. Moshi unaotakiwa ni mwembamba, wenye ubuluu kidogo.

Moto na usalama

Sogeza makaa upande mmoja, nyama iwe upande mwingine, funika na uache tundu dogo la hewa. Weka vipande viwili au vitatu vya kuni juu ya makaa, si mzigo mzima.

Moshi huipa nyama wekundu karibu na ngozi, hivyo usiamini rangi ya juu. Kata hadi mfupani: maji yawe meupe, pasiwe na damu. Ukiwa na kipimajoto cha nyama, kuku afike nyuzi 74.

Fanya kazi hii nje. Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na harufu, kwa hiyo jiko lisiingizwe ndani ya nyumba kupasha joto chumba cha watoto, hata baridi ya Juni na Julai ikizidi.

Mwisho, kiasi. Mwaka 2015 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliziweka nyama zilizosindikwa, zikiwamo za kukaushwa kwa moshi, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani. Kiwe chakula cha siku maalumu. Siku nyingine mtori unatosha.