KASI YA MMENYUKO NA SUFURIA YA GITHERI

Wapo wenzetu wanaosema eti Kiswahili ni cha mashairi na insha tu, kemia haisemeki kwa lugha hii. Mimi nasema inasemeka, tena tuanze na githeri, chakula tunachoteleka sisi wanafunzi wa kutwa tukitoka shule, huku kazi ya ziada ikitungoja mkobani.

Mmenyuko wa kikemikali hutokea chembe za vitu zinapogongana na kufanya kitu kipya. Lakini si kila mgongano huzaa matunda, la! Ni lazima chembe zigongane kwa nguvu ya kutosha. Basi chochote kinachoongeza migongano ya namna hiyo huongeza kasi. Mambo yenyewe ni manne.

Kwanza ni ukolezi, yaani wingi wa chembe mahali pamoja. Hewani oksijeni ni kama sehemu 21 kwa 100. Kijiti kinachofuka tu hewani, ukikitia ndani ya oksijeni tupu, huwaka tena papo hapo.

Pili ni ukubwa wa uso unaoguswa. Gogo zima hushika moto polepole, lakini ukilipasua vijiti, hewa hupata mahali pengi pa kugusa na moto huwaka upesi. Katika maabara, marumaru iliyosagwa hutoa mapovu kwenye asidi upesi kuliko kipande kizima cha uzito ule ule.

Tatu ni kichocheo. Hiki huharakisha mmenyuko lakini chenyewe hakiishi. Haidrojeni peroksaidi huvunjika polepole mno. Itie unga mweusi wa manganizi dioksaidi, utaona oksijeni inavyofoka! Ukiuchuja ule unga, ukaukausha na kuupima, uzito ni ule ule. Hata mdomoni mna kichocheo: tafuna ugali kwa muda bila kumeza, utaanza kuwa mtamu, kwa maana mate yanageuza wanga kuwa sukari.

Nne ni joto, na hapa ndipo penye pesa zetu. Chembe zikipata joto hukimbia zaidi na kugongana kwa nguvu. Kwa mimenyuko mingi, ukiongeza nyuzi 10 za Selsiasi, kasi huwa karibu maradufu. Kwa hivyo ukirundika makaa githeri itaiva haraka, sivyo? Sivyo, bwana! Maji yakishachemka katika sufuria ya kawaida, joto lake halipandi tena. Makaa ya ziada yanageuza tu maji kuwa mvuke, na maharagwe hayana habari.

Tena maji hayachemki kwa joto moja kila mahali. Mombasa, kando ya bahari, huchemka kwa nyuzi 100. Nairobi karibu 95. Nyahururu, kule juu zaidi, karibu 92. Kumbe ndiyo sababu maharagwe huchelewa kuiva huko juu! Sufuria ya presha hufungia mvuke ndani mpaka joto likafika karibu nyuzi 120, na maharagwe yakasalimu amri.

Wasio na sufuria hiyo wafanyeje? Loweka maharagwe usiku kucha, maji yapenye hadi ndani. Hapo utaokoa muda wa kusoma. Funika sufuria. Githeri ikishachemka, punguza makaa yabaki ya kuitokosa tu; hapo utaokoa pesa. Magadi nayo hulainisha maharagwe upesi, lakini huharibu vitamini B1, kwa hivyo usiyazoee.

Kalamu yangu inaishiwa na wino. Makaa unayoyaondoa leo ndiyo yatakayochemsha chai ya kesho, nao wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Na yule anayedai kwamba kemia haina Kiswahili, mkaribishe jikoni kwenu jioni moja, umweleze huku githeri ikitokota.