Josef Fischer, Mjerumani aliyempita farasi

Mwaka 1892 maofisa wa majeshi ya Ujerumani na Austria walishindana kwa farasi kati ya Vienna na Berlin. Mshindi alitumia zaidi ya saa 71, na farasi wengi wakafa kwa kuchoshwa. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya baiskeli: njia ileile, karibu kilomita 580. Josef Fischer, Mbavaria wa miaka 28, aliimaliza kwa saa 31 hivi.

Wastani huo, kama kilomita 19 kwa saa, leo haumshangazi mtu. Ila itazame baiskeli yenyewe. Haikuwa na gia za kubadilisha. Gurudumu la nyuma likizunguka, pedali nazo zinazunguka, kwa hiyo hata kwenye mteremko miguu haipumziki. Tena ndiyo inayosaidia kupunguza mwendo. Tairi la upepo la Dunlop lilikuwa na miaka mitano tu tangu libuniwe. Barabara? Vumbi na mawe.

Adui mkubwa wa mwendesha baiskeli kwenye tambarare ni hewa. Ukiongeza kasi maradufu, upinzani wake unaongezeka mara nne. Ukijibanza nyuma ya mwenzako, anakupasulia upepo, nawe unaokoa sehemu kubwa ya nguvu zako. Ndiyo maana magwiji wa enzi hizo waliajiri waweka kasi, kama wale tunaowaona kwenye marathoni, waliopokezana njiani wakiwa na miguu mibichi huku bingwa akiwa yuleyule. Wapo wanaoona huo ulikuwa ujanja. Mimi sioni hivyo: mweka kasi anakukinga upepo, hakukanyagii pedali.

Aprili 1896 wenye viwanda wawili wa Roubaix, Théodore Vienne na Maurice Perez, walianzisha mbio kutoka Paris hadi mjini kwao, kilomita 280, sehemu kubwa ya mwisho ikiwa ya mawe yaliyopangwa. Fischer alishinda kwa saa 9 na dakika 17, akimwacha wa pili, Charles Meyer wa Denmark, kwa zaidi ya dakika 20. Maurice Garin alikuwa wa tatu.

Garin huyo ndiye aliyetwaa Tour de France ya kwanza mwaka 1903. Fischer naye alishiriki, akiwa na miaka 38, akamaliza wa 15. Alifariki mwaka 1953. Mjerumani wa pili kushinda Paris–Roubaix, John Degenkolb, alipatikana mwaka 2015.