Michoro Yenye Mwendo Katika Tovuti za Vyama



Chama kinapotengenezesha tovuti, fedha anayolipwa fundi ni fedha ya wanachama. Kwa hiyo ni wajibu wa Kamati kufahamu kinachonunuliwa. Mafundi wengi hupenda kuonyesha ustadi wao kwa maandishi yanayokimbia na nembo zinazozunguka. Mambo hayo hupendeza siku ya uzinduzi, lakini yapasa kuulizwa: je, yanamsaidia mwanachama kupata alichokifuata?

Jicho la binadamu huvutwa na kinachotikisika kabla ya kilichotulia. Bei ya kahawa ikipitishwa mbio, msomaji asiye mwepesi hupitwa, na huenda akashika tarakimu isiyo sahihi. Nembo ikizunguka kando ya bei hiyo, humwondolea utulivu wa kusoma. Basi bei, tarehe za malipo na tangazo la Mkutano Mkuu viandikwe mahali pasipotikisika.

Mwendo unafaa katika mambo haya:

1. Kujulisha kwamba kazi inaendelea. Mwanachama anapotuma ombi la pembejeo, alama ndogo izunguke na kitufe kifungwe. Asipoona dalili yoyote atabonyeza tena, na ombi moja litaandikwa mara mbili.

2. Kuonyesha kosa. Nafasi iliyoachwa wazi katika fomu itikisike kidogo, nayo maelezo ya kosa yaandikwe hapo hapo.

3. Kuonyesha kitu kilikotoka, kama orodha inayofunguka kutoka kwenye kitufe chake. Mwendo huo usizidi nusu ya sekunde.

Yako pia madhara ya kuepukwa. Tarehe 16 Desemba 1997, huko Japani, katuni ya Pokémon ilionyeshwa katika televisheni ikiwa na mwanga mwekundu na wa buluu uliomweka kwa kasi. Watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali. Mwongozo wa shirika la W3C wa mwaka 2008 unaelekeza kwamba kitu kisimweke zaidi ya mara tatu katika sekunde moja. Tena, mwendo unaoanza wenyewe kando ya maandishi mengine na kuzidi sekunde tano uwe na njia ya kusimamishwa. Simu nyingi za sasa zina mpangilio wa kupunguza mwendo kwa watu wanaopatwa na kizunguzungu. Tovuti iutii mpangilio huo. Isisahauliwe kwamba picha nzito zenye mwendo hula kifurushi cha intaneti ambacho mwanachama amekinunua kwa fedha yake.

Kabla ya kutia sahihi hati ya malipo, Kamati iifungue tovuti kwa simu ya bei nafuu, mahali penye mtandao hafifu, na kumkabidhi mwanachama mzee simu hiyo. Akiipata bei na tarehe ya malipo bila kuuliza, fundi alipwe. Asipozipata, fundi arudishiwe kazi yake airekebishe.