Shimo Lisilokauka Linakunywa Maji ya Nani?

Tangu mapatano ya amani ya mwaka 2005, na zaidi tangu uhuru wa tarehe 9 Julai 2011, mji wa Juba umekuwa ukila mawe. Chini ya Jebel Kujur akina mama wamekaa miaka na miaka wakivunja kokoto kwa nyundo, wakizikusanya mafungu mafungu na kungoja malori. Barabara ya lami iendayo Nimule, yenye urefu wa kilomita 192, ilimalizika mwaka 2012, nayo ilitandikwa mawe na changarawe kabla ya kufunikwa lami. Kambi, shule, madaraja na nyumba za watu, vyote hudai fungu lao. Hesabu ya malori na ya fedha hutunzwa kwa makini. Hesabu ya maji ni nadra kuonekana kitabuni.

Changarawe iliyo kando ya mto, au chini ya khor inayopitisha maji wakati wa masika tu, ina nafasi kati ya punje na punje, na nafasi hizo ndizo ghala ya maji. Mvua inyeshapo, maji hushuka humo yakakaa kivulini, jua lisiyafikie. Mchimbaji akiteremka chini ya usawa wa maji hayo, shimo hujaa lenyewe. Hapo watu husema wamepata bwawa la bure. Wafyatua matofali huchota, ng'ombe hunywa, na watoto huogelea, ingawa kingo zake ni za wima na zimekwisha kuleta misiba mingi katika nchi nyingi. Kiangazi kikifika, visima vya jirani hupungua lakini shimo bado lina maji, na sifa zake huzidi.

Sifa hizo hazistahili. Maji yaliyo wazi katika nchi ya Juba hugeuka mvuke kiasi cha milimita 2,000 hivi kwa mwaka, yaani zaidi kidogo ya milimita 5 kila siku. Mvua ya mwaka mzima ni milimita 950 hivi. Bwawa lenye matumizi kuzidi pato kwa kiasi hicho lingepaswa kukauka. Kama halikauki, na wala hakuna kijito kinachoingia, basi linajazwa kwa siri kutoka ubavuni, kwa maji ambayo yangebaki ardhini na kufika kisima cha nyumba ya pili.

Jambo hili halipaswi kuwa geni kwa watu wa Nile. Mto huu umepimwa hapo Mongalla tangu mwaka 1905, na vipimo vimeonyesha kwamba karibu nusu ya maji yanayopita hapo hupotea angani katika kinamasi cha Sudd. Lakini Sudd hulipa kwa samaki na kwa malisho ya ng'ombe. Shimo la mkandarasi hulipa kwa mbu.

Na tupige hesabu. Chukua shimo lenye urefu wa mita 50 na upana wa mita 40, lenye maji mwaka mzima. Eneo lake ni mita za mraba 2,000. Jua likiondoa milimita 2,000, zinapotea mita za ujazo 4,000. Haki yadai tupunguze maji ambayo nyasi na miti ya mahali hapo ingeyanywa hata kama shimo lisingechimbwa. Tukikadiria kuwa ni asilimia 70 ya mvua, tunatoa milimita 665, na hasara halisi ni milimita 1,335. Hiyo ni mita za ujazo 2,670, au majerikani 133,500 ya lita 20. Nyumba inayotumia majerikani 6 kwa siku hutumia 2,190 kwa mwaka. Kwa hiyo shimo moja dogo hunywa maji ya nyumba 60. Mama anayenunua maji ya boza kwa mshahara wa askari atajua mara moja uzito wa hesabu hiyo.

Juu ya hayo, changarawe iliyooshwa huondoka na unyevu wake. Ukiwa asilimia 4 ya uzito, lori la tani 10 hubeba lita 400 za maji, sawa na majerikani 20. Pia yapo maji yanayomwagwa barabarani kutuliza vumbi. Maji yanayotolewa shimoni kwa pampu na kurudishwa mtoni ni suala jingine. Hayo yamehamishwa, hayakupotea, ingawa mwenye kisima jirani hatafurahi kuambiwa hivyo.

Vipimo hivi, vya asilimia 70 na asilimia 4, hutumiwa katika jimbo la Colorado, Marekani, nchi kavu ambako maji ya mto yana wenyewe. Mwaka 1988 mahakama ya juu ya jimbo hilo iliamua kwamba shimo la changarawe lililofunua maji ya ardhini ni kisima mbele ya sheria. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria kwamba mwenye shimo lililofunuliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1980 lazima arudishe maji yanayochukuliwa na jua. Huonyesha hasara yake mwezi kwa mwezi, kisha huonyesha atakapoyapata maji ya kulipa. Wengine hukodi maji ya bwawa yakafunguliwa mtoni, wengine hununua haki ya maji ya shamba na kuliacha shamba bila kumwagiliwa. Anayetaka kuepuka deni hulifukia shimo mpaka juu ya usawa wa maji, au hulizungushia ukuta wa udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji, likawa bwawa lisilogusa maji ya jirani.

Juba haina haja ya kuiga mahakama hizo zote. Kufukia kunawezekana, kwa udongo ule ule wa juu ulioondolewa siku ya kwanza, kama mkataba utamlazimisha mkandarasi autunze na kama malipo yake ya mwisho yatazuiwa mpaka kazi iishe. Takataka zisitumiwe kufukia, maana shimo ni mlango wazi wa kisima. Shimo jembamba lenye kina hupoteza kidogo kuliko pana, kwa kuwa jua hula uso wa maji tu. Tena maji ya kuoshea changarawe yaweza kutuama katika kidimbwi na kutumiwa tena.

Kuhusu kurudisha yaliyokwisha kupotea, mfano wa karibu uko Ukambani, Kenya. Kaunti ya Makueni ilitunga sheria ya kuhifadhi mchanga mwaka 2015, na katika mito ya msimu watu hujenga ukuta wa zege juu ya mwamba. Mchanga hujikusanya nyuma ya ukuta, maji hukaa ndani ya mchanga, na jua hulala na njaa. Khor yenye mwamba chini yaweza kufanyiwa hivyo. Yenye mchanga usio na mwisho haifai.

Wakaao karibu na shimo wanaweza kulipima wenyewe wakati wa kiangazi. Kijiti chenye alama za sentimita kisimikwe majini, kisomwe kila Jumamosi kwa wiki 4, na idadi iandikwe. Jua peke yake lingeshusha maji sentimita 15 au zaidi katika muda huo. Yakishuka mno kuliko hivyo, ama yanachotwa ama yanazama. Yasiposhuka kabisa, shimo linanyonya ardhi ya jirani, na karatasi hiyo, pamoja na vipimo vya kina cha kisima kilicho karibu, ipelekwe ofisi ya payam kabla mkandarasi hajahamisha mitambo yake.