Kibali cha Kuwinda: Bahati, Foleni au Fedha?

Kila mwaka, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, makanika, madereva, walimu na wachimba migodi huketi mezani wakipiga hesabu. Hesabu yao si ya mshahara wala ya kodi ya nyumba. Wanataka kujua waombe katika jimbo lipi kibali cha kumwinda kondoo mwitu wa milimani mwenye pembe kubwa zilizojikunja, au mbuzi mweupe wa majabali, au musi, mnyama mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu. Vibali hivyo ni vichache mno, na wenye kuvitaka ni wengi mno. Wako watu walioanza kuomba wakiwa vijana, na leo wana mvi, wala hawajapata hata kimoja.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili latuhusu nini sisi? Latuhusu sana. Ndani yake mna swali ambalo kila taifa hapana budi lilijibu: kitu cha umma kikiwa haba, kigawanywe vipi? Kwa bahati, kwa foleni, au kwa fedha?

Kwanza yafaa tujue uhaba huu ulitoka wapi. Katika karne ya 19 wanyama wa nchi ile waliwindwa bila kiasi, nyama na ngozi zao zikauzwa sokoni. Kondoo mwitu walipata msiba wa pili: malisho yao yalichukuliwa na mifugo, na kondoo wa kufugwa wakawaambukiza maradhi ya mapafu, ambayo hata leo huweza kufyeka kundi zima. Ndipo majimbo yalipopiga marufuku, yakaweka walinzi, yakahamisha wanyama kutoka milima iliyosalia na makundi na kuwapeleka kwenye milima iliyobaki mitupu. Sheria ya mwaka 1937 iliamuru kwamba kodi ya bunduki na risasi igawiwe majimbo kwa kazi hiyo. Wanyama waliongezeka, lakini si kwa kadiri ya kumtosha kila atakaye. Pengine mlima mzima hutolewa kibali kimoja au viwili kwa mwaka.

Basi majimbo yakachagua njia ya bahati nasibu, na kila jimbo likatunga kanuni zake. Hapo ndipo mwombaji anapotakiwa kutumia akili, kwa maana anayeomba bila kusoma kanuni ni sawa na atupaye nyavu pasipo maji.

Yako majimbo yasiyoweka kumbukumbu yoyote ya miaka iliyopita. Idaho na New Mexico ni miongoni mwao. Huko kijana aombaye kwa mara ya kwanza ana nafasi ile ile aliyonayo mzee aliyekosa mara thelathini. Idaho ina kanuni nyingine ya busara: aombaye mmoja wa wanyama hawa wakubwa watatu hawezi kuomba wale wengine wawili, wala kuingia katika kura ya kawaida ya kulungu mwaka ule ule, tena hutakiwa aweke ada yote ya kibali mapema, naye akikosa hurudishiwa. Kanuni hiyo huwapunguza wale waombao kila kitu kwa tamaa, ikawaachia nafasi wenye nia. Lakini humwumiza kabwela asiye na fedha ya kuweka rehani kwa muda.

Majimbo mengine hutoa alama kwa kila mwaka wa kukosa. Montana huzidisha alama hizo zenyewe kwa zenyewe: mwenye alama 10 huhesabiwa 100, na mwenye 20 huhesabiwa 400. Wyoming, kwa kondoo na musi, hutoa robo tatu ya vibali kwa wenye alama nyingi kabisa, na robo iliyobaki huipigia kura ya watu wote. Kwa yule aliyeanza zamani, alama ni akiba. Kwa kijana aanzaye leo, ni foleni ambayo mwisho wake hauonekani. Wa mbele wakiwa maelfu na vibali vikiwa makumi, yule wa nyuma aweza kufa kabla zamu yake haijafika, hali amelipa ada miaka yote hiyo.

Juu ya hayo iko tofauti ya mwenyeji na mgeni. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, katika kesi iliyotoka Montana, kwamba jimbo laweza kumtoza mgeni ada kubwa kuliko mwenyeji. Tangu mwaka 2023 Wyoming huwatengea wenyeji asilimia 90 ya vibali vya kondoo, musi na mbuzi. New Mexico hugawa asilimia 84 kwa wenyeji, 10 kwa waombao pamoja na waongozaji wa kulipwa, na 6 tu kwa wageni waombao wenyewe. Kwa hiyo mgeni asidanganywe na ukubwa wa jimbo. Eneo likiwa na vibali vinne, sehemu ya kumi yake haifiki hata kibali kimoja, na ombi lake ni bure tangu mwanzo.

Tukishauriwa na mfanyakazi wa kule, tungemwambia hivi. Aanze na jimbo lake mwenyewe, maana huko ada ni ndogo na fungu la wenyeji ni kubwa. Kisha achague jimbo moja au mawili yasiyo na alama, ambako kuchelewa kwake hakumdhuru. Majimbo ya alama ayaingie kama angali kijana na kama yu tayari kulipa kila mwaka bila kukatisha. Asome majedwali ya kura za miaka iliyopita, ambayo idara za wanyama huyatangaza. Tena ahesabu gharama yote: Alaska humlazimu Mmarekani wa jimbo jingine awe na mwongozaji, au jamaa wa karibu mkazi wa huko, akitaka kuwinda kondoo, mbuzi wa milimani au dubu wa kahawia. Likizo, safari na nguvu za miguu navyo ni gharama.

Hesabu yenyewe haina huruma. Mtu mwenye nafasi moja katika mia, akiomba miaka 20 mahali pamoja, ana nafasi kama 18 katika mia ya kupata walau mara moja. Akiomba mahali patatu pa namna hiyo kwa miaka hiyo hiyo, nafasi yake hufika kama 45. Saburi na kutawanya maombi husaidia, lakini hakuna aliyeahidiwa. Wazee walisema: kupata si kwa werevu na kukosa si ujinga.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo itupayo shaka. Majimbo mengi hutenga kibali kimoja au vichache vya kupigwa mnada. Mwaka 2013 kibali kimoja cha kondoo wa Montana kiliuzwa kwa dola 480,000. Hatukatai kwamba fedha hiyo huingia katika kazi ya kuwahifadhi kondoo, wala kwamba kazi hiyo ni ghali. Lakini mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na katika mnada kisu ni fedha. Tajiri huyo hakupiga foleni wala hakungoja bahati. Kibali kimoja chavumilika. Vikizidi, kura ya makabwela itabaki jina tu.

Nchi zetu zilishika njia zao. Tanzania ilisimamisha uwindaji mwaka 1973, ikaufungua tena mwaka 1978. Kenya iliupiga marufuku mwaka 1977. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2009 yatamka kwamba wanyamapori ni mali ya umma, naye Rais ni mdhamini wao kwa niaba ya wananchi. Kwetu mwindaji mtalii huingia kwa njia ya makampuni yaliyopewa vitalu, na mwenye mfuko mwembamba hana kura ya kutumainia. Kwa hiyo swali la mnada na kura si la Wamarekani peke yao.

Sisi twaona kwamba kura iliyo sawa kwa wote, yenye fungu la haki kwa wenyeji waishio na wanyama hao, ndiyo iliyo karibu zaidi na usawa. Alama ziwe na mpaka, ili mzee apate heshima ya kungoja kwake bila kijana kufungiwa mlango. Na popote mali ya umma inapogawiwa, iwe mnyama, kiwanja au nafasi ya shule, kanuni itangazwe wazi na hesabu zake zionekane. Mwananchi aliyekosa katika kura ya haki hurudi nyumbani na kujaribu tena mwakani. Yule aliyekosa kwa kuwa mlango ulikuwa umenunuliwa, yeye haamini tena kwamba mali ile ni yake.