Wanafunzi 45 kwa Darasa: Kwa Nini Vyumba Peke Yake Havitoshi

Na Mwandishi Wetu

Kila Serikali inapotangaza fedha za ujenzi wa madarasa ya shule za msingi, swali la kwanza la mzazi huwa moja: je, mwanangu atapata mahali pa kukaa? Swali hilo lina uzito wake. Lakini lipo la pili ambalo huulizwa mara chache zaidi, nalo ndilo linaloamua kama mtoto atajifunza: je, mwalimu atamfikia?

Kiwango kinachotumika nchini Tanzania ni wanafunzi 45 kwa darasa la shule ya msingi na 25 kwa darasa la elimu ya awali. Umuhimu wa kiwango hicho huonekana wazi zaidi katika darasa la kwanza, ambako kazi kubwa ni Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, yaani KKK. Mtoto hajui kusoma kwa kuitikia pamoja na wenzake. Ni lazima mwalimu amsikie yeye peke yake akitamka silabi, aone anavyoshika penseli na kumrekebisha pale pale. Katika kipindi cha dakika 30 chenye watoto 45, kila mtoto ana sekunde 40 za mwalimu, tena iwapo mwalimu huyo hafanyi jambo jingine lolote. Watoto wakiwa 90, zinabaki sekunde 20, muda usiotosha hata kukagua mistari michache ya daftari. Anayeumia zaidi hapo ni yule aliyekaa nyuma, anayefungua kinywa wengine wanapoitikia, na ambaye anaweza kufika darasa la tatu bila mtu kugundua kuwa hajui kusoma.

Msongamano huu una historia, na kwa sehemu kubwa ni historia ya kufungua milango. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliamua kuwa elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, wakati ambapo vyumba na vyuo vya ualimu havikuwa tayari. Ndipo walipopatikana walimu wa UPE, wengi wao wakiwa vijana waliomaliza darasa la saba, waliojifunza ualimu huku wakifundisha. Mwaka 2002 ulianza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, uliokwenda pamoja na kufutwa kwa ada. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi ikapanda kutoka takriban milioni 4.4 mwaka 2000 hadi takriban milioni 7.5 mwaka 2005. Kisha ukaja Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, uliotoa elimumsingi bila malipo kuanzia Januari 2016. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa zaidi ya milioni 8, wakavuka milioni 10 ndani ya miaka michache.

Mara zote tatu watoto walitangulia, vyumba vikafuata. Wapo wanaoona kuwa huo ni upungufu wa mipango, na hoja yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo, mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule mwaka 2016 asingeweza kusubiri hadi mwaka 2022 jengo likamilike. Angekuwa amepita umri. Zaidi ya hayo, idadi ya watu yenyewe haisubiri. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu milioni 61.7, ongezeko la asilimia 3.2 kwa mwaka. Kwa kasi hiyo, shule isiyoongezewa kitu chochote inazidi kubanwa kila Januari, hata kama hakuna sera mpya iliyotangazwa.

Katika miaka ya karibuni ujenzi umekwenda kwa programu kubwa. Mwezi Oktoba 2021, kupitia Mpango wa Maendeleo kwa Ustawi wa Taifa na Mapambano dhidi ya UVIKO-19, Serikali ilianza ujenzi wa madarasa 15,000: madarasa 12,000 ya sekondari na 3,000 katika vituo shikizi vya shule za msingi, kwa gharama ya shilingi milioni 20 kwa kila darasa. Ikafuata programu ya BOOST kwa ajili ya elimu ya awali na msingi, inayogharimiwa kwa mkopo wa dola za Marekani milioni 500 kutoka Benki ya Dunia, ikiwa na lengo la madarasa 12,000.

Neno "kituo shikizi" linastahili ufafanuzi, kwa kuwa hutajwa sana katika matangazo na hueleweka kidogo. Ni mahali pa kufundishia palipoanzishwa mbali na shule mama, mara nyingi kwa nguvu za wananchi, ili watoto wadogo wasitembee mwendo mrefu, wasivuke mito wala kupita porini. Kinapopata majengo na mahitaji mengine kinaweza kusajiliwa kuwa shule kamili, na shule mama hupungukiwa na mzigo. Kwa maneno mengine, darasa linalojengwa kitongoji cha mbali linaweza kupunguza msongamano wa darasa ambalo halikuguswa hata kwa tofali moja.

Hali ni hiyo hiyo kwa maboma. Wananchi huchangia nguvu na mali, wakasimamisha kuta, kisha halmashauri au Serikali Kuu ikaezeka na kukamilisha. Boma lililosimama misimu kadhaa ya mvua bila paa hudhoofika, na wakazi waliolijenga huvunjika moyo; ndiyo maana kukamilisha maboma ya zamani hustahili kupewa uzito sawa na kuanza msingi mpya. Mijini tatizo ni tofauti. Katika maeneo mengi ya Dar es Salaam hakuna kiwanja cha kupanua shule, hivyo njia iliyobaki ni kujenga kwenda juu, au kugawa wanafunzi wa asubuhi na wa mchana. Mgawanyo huo huokoa chumba, lakini hauongezi mwalimu.

Hapo ndipo hesabu inapohitaji uangalifu. Taarifa nyingi hutaja uwiano wa mwalimu kwa wanafunzi, na wasomaji huudhania kuwa ndio ukubwa wa darasa. Sivyo. Chukua mfano wa shule yenye wanafunzi 450 na walimu 10. Uwiano wake ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, na kwenye karatasi unapendeza. Ili kila darasa liwe na watoto 45 kutwa nzima, walimu wote 10 wangepaswa kuwa darasani kila kipindi, mwalimu mkuu akiwamo, bila mmoja wao kuandaa somo, kusahihisha madaftari, kuugua wala kwenda likizo ya uzazi. Iwapo kila mwalimu yuko darasani kwa theluthi mbili ya muda, mambo ni mawili: ama darasa liwe na wanafunzi wapatao 67, ama madarasa matatu hivi yakae bila mwalimu katika kila kipindi. Kwa hiyo shule iliyofikia uwiano unaotakiwa bado inaweza kuwa na darasa lililofurika, na aliyeandika taarifa asiwe amesema uongo.

Aidha, wastani wa taifa huficha tofauti za mikoa. Takwimu za elimu kwa miaka kadhaa zimeonesha mikoa kama Geita na Katavi ikiwa na wanafunzi wengi kwa kila mwalimu, huku Kilimanjaro ikiwa na nafuu kubwa. Ajira mpya husaidia, lakini mwalimu aliyepangiwa kijiji kisicho na nyumba, maji wala barabara ya uhakika huanza kutafuta uhamisho mapema. Nyumba ya mwalimu, ambayo kwa kawaida haipigiwi makofi kama darasa, inaweza kupunguza ukubwa wa darasa kwa muda mrefu kuliko chumba kipya.

Lipo badiliko moja linalokuja ambalo wananchi wengi hawajalihusisha na suala hili. Kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, elimu ya msingi itakuwa ya miaka sita badala ya saba. Wanafunzi walioanza darasa la tatu kwa mtaala mpya Januari 2024 watamaliza darasa la sita mwaka 2027, mwaka huo huo ambao wenzao wa mtaala wa zamani watamaliza darasa la saba. Makundi mawili yataondoka kwa pamoja, na Januari 2028 shule ya msingi itakuwa na madarasa sita tu. Shule yenye mikondo miwili kila darasa itapata vyumba viwili vilivyo wazi, pamoja na walimu waliokuwa wakivitumia. Upande wa sekondari mzigo utakuwa mara mbili kwa kidato cha kwanza cha mwaka huo, na huko ndiko macho mengi yatakakoelekea. Lakini ni vyema kamati za shule za msingi zianze mapema kupanga vyumba hivyo vitatumikaje, ili darasa la kwanza na la pili yagawanywe kwanza, kabla nafasi haijageuzwa stoo.

Kwa sasa, mzazi ana jambo moja lililo ndani ya uwezo wake. Uandikishaji wa elimu ya awali na darasa la kwanza hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, na idadi inayopatikana ndiyo inayoipa halmashauri picha ya madawati, vyumba na walimu wanaohitajika. Mtoto anayeletwa Februari au Machi hupokelewa, lakini huingia katika darasa lililopangwa bila yeye. Dawati hukaliwa na watoto watatu. Yeye huwa wa nne.