Je, Wajua? Mlio wa Majaribio na Hesabu Zake

Je, wajua kwamba ule mlio wa "tiiii" unaoambatana na milia ya rangi kwenye televisheni kwa kawaida ni wa hezi 1,000? Mafundi mitambo huutumia kuhakikisha sauti inafika sawasawa kutoka studio hadi kwenye mtambo wa kurushia matangazo.

Je, wajua kwamba kwa vifaa vya kidijitali 1,000 hiyo ni chaguo baya? Kifaa cha kidijitali hakihifadhi wimbi lote. Huchukua sampuli zake, na katika studio nyingi huwa ni sampuli 48,000 kila sekunde. Gawanya 48,000 kwa 1,000, unapata 48 kamili. Kwa hiyo kila wimbi linapimwa palepale lilipopimwa lililotangulia, na thamani zilezile, zisizozidi 48, zinajirudia mpaka uzime jenereta. Kifaa cha biti 16 kina ngazi 65,536. Ngazi iliyoharibika ikiwa haimo katika zile chache zinazoguswa, utapima kutwa nzima na kifaa kitaonekana kizima.

Ndiyo sababu kiwango cha upimaji cha AES17 kinatumia hezi 997. Hiyo ni namba tasa, na kwa sampuli 48,000 mpangilio wake haujirudii mpaka sekunde nzima iishe, hivyo ngazi nyingi mno zinafikiwa. Sikio halitambui tofauti kirahisi. Ukikuta jenereta ya mwenzako imewekwa 997, tafadhali usiirekebishe.

Je, wajua kwamba kuna mahali utasa wa namba ulikuwa kikwazo? Mkutano wa kimataifa wa London mwaka 1939 ulikubaliana kwamba noti ya A, ambayo wanamuziki hulinganishia ala zao, iwe hezi 440. BBC iliitoa noti hiyo kwa umeme: fuwele inayotetema mara 1,000,000 kwa sekunde, ikagawanywa hadi 1,000, ikazidishwa kwa 11, kisha ikagawanywa kwa 25. Fanya hesabu mwenyewe, utapata 440. Namba 439, kwa kuwa ni tasa, isingepatikana kwa njia hiyo.

Je, wajua kwamba bidhaa ya kwanza ya kampuni ya Hewlett-Packard ilikuwa jenereta ya milio, na kilichotuliza nguvu ya mlio wake ni balbu ndogo ya taa? Walt Disney alinunua nane za toleo lililofuata kwa kazi ya filamu ya Fantasia.

Je, wajua kwamba ukimya mtupu ni kipimo kibovu cha kelele za kifaa? Vifaa vingi vikipokea sufuri tupu hujizimia sauti vyenyewe, na kelele zake hutazisikia. AES17 inataka mlio hafifu uwepo, desibeli 60 chini ya kilele.

Je, wajua kwamba Ulaya huweka mlio wa kulinganisha viwango desibeli 18 chini ya kilele cha kidijitali, na Marekani 20? Muulize aliyekuletea kipindi ni upi, kabla hujagusa kitufe.

Je, wajua kwamba mita inaweza kuonyesha sufuri, yaani kilele cha kidijitali, ilhali kilele halisi cha wimbi kimeshapita hapo? Weka hezi 12,000 kwenye mfumo wa sampuli 48,000. Kila wimbi linapata sampuli nne tu. Ukianzisha wimbi kwenye nyuzi 45, zote nne zinaangukia kwenye miteremko, wala hakuna hata moja inayogusa kilele. Ukipandisha hadi mita ya kawaida isome sufuri, wimbi linalotoka upande wa analogi linakuwa desibeli 3 juu yake, na kifaa dhaifu kitalikata kichwa. Mita za kilele halisi, zinazofuata ITU-R BS.1770, hukokotoa thamani zilizo katikati ya sampuli. Kama yako si ya aina hiyo, uache mlio huo desibeli 4 chini ya sufuri.